Kung'aa Si Uzima: Sarafu ya Tabora na Maadili ya Kupanga Madaraja

Dhahabu ya kale ikiwekwa mezani huulizwa maswali mawili. La kwanza ni la sonara: ina uzito gani? La pili ni la mjuzi wa sarafu: imebakiwa na nini? Swali la kwanza hujibiwa na mizani, na mizani haina ndugu wala rafiki. Swali la pili hujibiwa na jicho la mwanadamu, na jicho la mwanadamu lina njaa, lina upendeleo, lina aibu na lina tamaa. Ndiyo maana swali hilo la pili, ingawa linahusu kipande cha madini kinachoenea katikati ya kiganja, ni swali la kisiasa.

Wasomaji wangu wamezoea kunisoma nikijadili bajeti, sheria na mustakabali wa vyuo vyetu. Leo nawaomba wanivumilie nizungumzie namna madaraja ya ubora wa sarafu za kale za dhahabu yanavyopangwa. Sababu yangu ni moja. Taaluma hiyo ndogo imelazimika kulijibu, kwa fedha halisi na hasara halisi, swali ambalo taasisi zetu hulikwepa kila mwaka: nani ana haki ya kutoa daraja, na daraja hilo linapima nini hasa?

Tuanze na sarafu iliyo yetu. Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, utawala wa Kijerumani wa Afrika Mashariki ulikuwa umebanwa. Manowari za Waingereza zilikuwa zimeufunga mwambao, na fedha kutoka Ujerumani hazikuingia tena. Serikali ya kikoloni ikachapisha noti za dharura, ikapiga sarafu za heller 5 na 20 kwa shaba chakavu, yakiwemo maganda ya risasi, na hatimaye ikaigeukia dhahabu. Dhahabu hiyo ilitoka katika mgodi wa Sekenke, huko Iramba, Singida ya leo. Katika karakana ya reli mjini Tabora zikapigwa sarafu 16,198 za rupia 15. Mnamo Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora, na kazi ile ikawa imekwisha.

Upande mmoja wa sarafu hiyo una tai wa dola ya Ujerumani. Upande wa pili una tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima, na chini yake mwaka 1916 na herufi T, alama ya Tabora. Ina kipenyo cha milimita 22 na ushei, uzito wa gramu 7 na ushei, na robo tatu ya uzito huo ndiyo dhahabu safi, yaani karati 18. Sonara akiipima atapata gramu 5.4 hivi za dhahabu, naye atamlipa aliyeileta kwa hesabu hiyo. Hatakuwa amemwibia, atakuwa amejibu swali lake yeye. Mnadani Ulaya au Marekani sarafu hiyohiyo huuzwa kwa bei inayoipita kwa mbali thamani ya dhahabu iliyomo. Tofauti kati ya bei hizo mbili huamuliwa na uhalisi wake, uadimu wake na daraja lake.

Daraja hupangwaje? Kabla ya yote, mjuzi huuliza kama sarafu ni halisi, maana sarafu ya Tabora imeghushiwa mara nyingi. Atapima uzito, kipenyo na unene, kisha atalinganisha umbo la herufi na mapambo na yale ya sarafu zinazojulikana. Hakuna maana ya kuipa daraja la juu sarafu ya bandia, kama ambavyo hakuna maana ya kusifu mwandiko wa cheti cha kughushi. Uhalisi hutangulia ubora.

Baada ya hapo huja kazi yenyewe. Mjuzi huishika sarafu kwa ukingo tu, kamwe hagusi nyuso zake kwa vidole, kwa kuwa jasho la vidole huacha alama. Huiinamisha chini ya taa moja na kuizungusha polepole. Sarafu iliyotoka kupigwa, ambayo haijapita mikononi mwa watu, ina mng'ao wa asili unaozunguka juu ya uso wake kadiri inavyoinamishwa. Mng'ao huo haupakwi. Unatokana na michirizi midogo mno iliyoachwa na madini yalipotandazwa kwa nguvu ya pigo kati ya mihuri miwili ya chuma. Mikono ya watu huula kwanza pale palipoinuka zaidi: kwa tembo wa Tabora, kichwani, sikioni na mabegani; kwa tai, kifuani. Palipolika hugeuka rangi na kuacha kucheza na mwanga. Kulika huko kukiwa kwa kiasi cha unyoya tu, sarafu huteremka kutoka kundi la zisizotumika na kuingia kundi la zile zilizotumika kidogo. Mstari huo mwembamba unaweza kupunguza bei kwa kiasi kikubwa.

Hapa pana jambo ambalo kila mwalimu, hakimu na ofisa utumishi anapaswa kulitafakari. Sarafu za Tabora zilipigwa kwa haraka, wakati wa vita, katika karakana ya reli iliyokusudiwa kutengeneza mabehewa. Si zote zilizopata pigo kamili. Ziko ambazo sehemu za tembo au za tai zilitoka hafifu tangu siku ya kwanza. Mtu asiyejua akiiona sarafu ya namna hiyo husema, "Imelika." Mjuzi huitazama ile sehemu hafifu na kuuliza: je, mng'ao wa asili bado upo juu yake? Ukiwapo, basi hapo hapakuliwa na mikono. Hapakujazwa tangu mwanzo. Huo ni udhaifu wa kuzaliwa, wala si uchakavu wa maisha. Vitu hivyo viwili hufanana kwa mbali, lakini hukumu zake haziwi sawa. Ni mara ngapi tumempa mwanafunzi wa shule isiyo na maabara daraja la mtu aliyezembea, hali alichokikosa ni pigo kamili la muhuri? Simaanishi kwamba apewe alama asizozipata. Mjuzi wa sarafu naye hajifanyi kuona mkonga usiokuwapo. Nasema aeleze sababu, maana sababu ndiyo inayoonyesha wapi pa kurekebisha: kwa mwenye kupigwa au kwa karakana.

Jambo la pili ni kusugua. Kila mwaka, katika semina yangu moja, huwaonyesha wanafunzi picha mbili zilizokuzwa za sarafu za dhahabu za aina moja. Ya kwanza ni ya njano iliyofifia, ina mikwaruzo michache na rangi nyekundunyekundu imejikusanya pembeni mwa herufi. Ya pili inang'aa kama kioo. Nawauliza ipi ina daraja la juu. Wengi, bila kusita, huchagua ile inayong'aa. Kisha hukuza picha ya pili zaidi, na hapo huonekana mistari myembamba kama nywele, maelfu kwa maelfu, yote ikielekea upande mmoja: nyayo za kitambaa na dawa ya kusugulia. Sarafu hiyo imesuguliwa. Mng'ao wake wa asili umekwanguliwa na kubadilishwa na mng'aro wa kuazima. Kampuni za kupanga madaraja huikatalia sarafu ya namna hiyo namba kamili. Huandika kiasi cha maelezo yaliyobaki usoni mwake, kisha huongeza neno moja la kuiweka mahali pake: imesafishwa.

Iko aina nyingine ya madhara iliyo karibu zaidi na desturi zetu. Dhahabu katika pwani na bara yetu haikukaa kabatini, ilivaliwa. Sarafu iliyofanywa kidani hutiwa kitanzi ukingoni kwa lehemu, na kitanzi hicho kikiondolewa miaka mingi baadaye, hubaki kovu. Fundi hodari anaweza kulisawazisha kovu hilo hata jicho la kawaida lisilione. Lakini chini ya kioo cha kukuzia, ukingo utasimulia: hapa vijistari vimekatika, hapa rangi ya madini ni tofauti, hapa palichomwa. Mjuzi hailaumu bibi aliyeivaa sarafu hiyo siku ya harusi yake. Anachokataa ni sarafu hiyo kuuzwa kana kwamba haikuvaliwa.

Kutokana na hayo yote naipata kanuni ambayo ndiyo kiini cha makala haya: katika kupanga daraja, uchakavu wa kweli una heshima kuliko uzuri wa kutengenezwa. Sarafu iliyolika kwa kutumika, rangi yake ikiwa haijaguswa, huweza kupata bei nzuri kuliko dada yake iliyokuwa na maelezo zaidi lakini ikasuguliwa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kusugua ni namna ya kujitembeza.

Sasa tuulize nani anayetoa daraja. Mizani inayotumika zaidi leo duniani ni ile ya alama 1 hadi 70. Alama 1 ni sarafu iliyolika hata ikabaki kutambulikana kwa shida. Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambazo hazikutumika. 70 ni ile isiyo na dosari inayoonekana. Mizani hiyo ilibuniwa na Mmarekani William Sheldon katika kitabu chake cha mwaka 1949 kuhusu senti kubwa za shaba za mwanzoni mwa taifa lake. Namba 70 haikutoka mbinguni. Sheldon aliona kwamba senti ya mwaka 1794 iliyo bora kabisa iliuzwa kwa kiasi cha mara 70 ya bei ya ile duni kabisa. Uwiano huo wa bei ulivunjika zamani, lakini namba imebaki, ikahamishiwa kwenye fedha na dhahabu na kwenye nchi ambazo Sheldon hakuzifikiria. Namba ina tabia hiyo: huishi kuliko sababu iliyoizaa, na kadiri inavyozeeka ndivyo watu wanavyozidi kudhani ni sheria ya maumbile.

Sheldon hakuwa mfanyabiashara wa sarafu kwa taaluma. Alikuwa mwanasaikolojia, na alijulikana zaidi kwa kuwapangia madaraja wanadamu. Alidai kwamba umbo la mwili wa mtu huonyesha hulka yake, naye akampa kila mtu tarakimu tatu, kila moja kati ya 1 na 7, kwa unene, kwa misuli na kwa wembamba. Ili kuijenga nadharia hiyo alitumia maelfu ya picha za watu wakiwa uchi, wakiwemo wanafunzi wa vyuo vikuu mashuhuri vya Marekani. Sayansi imeitupa nadharia yake. Sisi tuliotawaliwa na watu waliopima mafuvu ya babu zetu hatuhitaji kuambiwa kwa nini ilistahili kutupwa. Mizani yake ya sarafu imedumu kwa sababu sarafu haina hulka: uso wake ndio wote uliokusudiwa kupimwa. Mwanadamu si hivyo.

Lakini kuna sehemu ya pili ya habari za Sheldon. Baada ya kufariki kwake mwaka 1977 ilibainika kwamba alikuwa amechukua senti bora kutoka katika makusanyo ya American Numismatic Society ya New York, na mahali pake akaacha za kwake zilizo duni. Mtu aliyeufundisha ulimwengu kutofautisha alama moja na nyingine alitumia ujuzi huohuo kujua ipi ya kuchukua na ipi ya kuacha. Jicho lake halikuwa na kasoro. Kilichokosekana ni uzio kati ya jicho na mfuko. Waswahili tuna methali inayotosha hapa: mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Methali hiyo haisemi kwamba mwamba ngoma ni mjinga wa ngoma. Inasema ndiye anayeijua kuliko wote.

Biashara ya sarafu ilijifunza somo hilo kwa hasara. Kwa miaka mingi muuzaji mwenyewe ndiye aliyekuwa akitangaza daraja. Sarafu ileile ilikuwa ya daraja la kati alipoinunua kwa mjane na ya daraja la juu alipoiuza kwa daktari. Ndipo katika miaka ya 1980 zikaanzishwa kampuni za upande wa tatu, PCGS mwaka 1986 na NGC mwaka 1987, ambazo kazi yao ni kupima sarafu za watu wengine kwa ada. Wapimaji zaidi ya mmoja huitazama sarafu, kila mmoja kwa wakati wake, pasipo kujulishwa mwenye mali ni nani. Kisha hufungwa ndani ya kasha gumu la plastiki lenye namba yake, nayo kampuni hutoa dhamana kwa hukumu yake: ikikosea, italipa.

Sitaki kuutia chumvi mfumo huo. Nao una nyufa zake. Wako wenye sarafu ambao wakipewa alama 62 hulivunja kasha na kuipeleka upya, mara ya pili na ya tatu, mpaka siku itakapoangukia mpimaji mkarimu akatoa 63. Kampuni hulipwa na mwenye sarafu, na mlipaji hana raha na mpimaji mkali. Wakongwe wa fani hulalamika kwamba alama za leo zimelegea zikilinganishwa na za awali. Hata hivyo, nyufa hizo zinajulikana na kujadiliwa hadharani, na mnunuzi makini hufundishwa usemi mmoja: nunua sarafu, usinunue kasha.

Kutoka hapo nageukia meza zetu wenyewe, kwa kuwa nasi tunaishi ndani ya madaraja. Watumishi wa umma wanaukumbuka mfumo wa OPRAS, uliowataka wajaze alama zao wenyewe, msimamizi ajaze zake, kisha wawili hao wakubaliane. Sasa umekuja mfumo wa kidijitali wa PEPMIS. Sina ugomvi na fomu wala na kompyuta. Swali langu ni lile la mjuzi wa sarafu: je, anayetoa alama ana maslahi katika alama hiyo? Msimamizi ambaye idara yake yote itaonekana mbovu akiwapa watu wake alama za kweli ni muuzaji anayeipima sarafu yake mwenyewe. Kuihamisha fomu kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye skrini hakubadilishi uhusiano huo.

Tazama pia hati za ukaguzi. Kila Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anapotoa ripoti zake, halmashauri hutangaza kwa shangwe kwamba zimepata hati inayoridhisha. Hati hiyo ina maana yake, tena ni maana nzito: kwamba hesabu zimeandaliwa kwa mujibu wa viwango na zinaonyesha hali halisi ya fedha. Haisemi kwamba zahanati ina dawa. Daraja la sarafu nalo hupima hali ya uso tu. Halisemi sarafu ilinunua nini, wala ilimfaa nani. Sarafu ya alama 70 haikuwahi kununua hata kibaba cha unga. Ile iliyolika hadi tembo akawa kivuli ndiyo iliyofanya kazi ya fedha. Kosa si la mkaguzi, ambaye husema wazi alichokipima. Kosa ni letu tunaolichukua daraja la uso na kulitangaza kuwa daraja la huduma.

Na vyuo? Sisi wahadhiri tunafundisha, tunatunga mtihani, tunasahihisha, kisha tunatathminiwa kwa sehemu kulingana na matokeo ya wanafunzi walewale na maoni yao juu yetu. Ndiyo sababu nawatetea watahini wa nje kila linapozuka shauri la kupunguza gharama zao. Baraza la Mitihani la Tanzania, pamoja na lawama zote linazobeba, lilielewa jambo hili mapema: karatasi ya mtahiniwa huenda kwa msahihishaji ikiwa na namba badala ya jina. Msahihishaji hajui kama anamsahihisha mtoto wa waziri au wa mkulima wa Sikonge. Hilo ndilo kasha la plastiki la haki.

Wako watakaonijibu kwamba mfano wa sarafu ni wa anasa, kwamba nchi yenye uhaba wa madawati haina haja ya kuhangaikia tembo wa dhahabu. Nakubali kwamba madawati hutangulia. Lakini hoja hiyo inasahau kwamba tembo huyo ni fedha pia, na kwamba ujinga wa daraja una mshindi na mshindwa. Tuchukulie familia moja ya Urambo iliyorithi sarafu hiyo kutoka kwa babu. Hawajui ni nini. Wanaisugua kwa majivu na limau ili ipendeze, na hapo hapo nusu ya thamani yake inakwenda na maji. Kisha wanaipeleka kwa sonara, naye anaipima kwa gramu. Ikibahatika kutoyeyushwa, itavuka mipaka na kufika mikononi mwa mtu anayejua. Dhahabu iliyochimbwa Sekenke na kupigwa Tabora itakuwa imeondoka mara mbili: kwanza kwa nguvu ya mkoloni, pili kwa kutojua kwetu.

Sheria zetu nazo zinahitaji jicho. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliweka mstari wake katika mwaka 1863: kitu kilichotengenezwa na mwanadamu kabla ya hapo huhesabika kuwa cha kale na hulindwa. Sarafu za dhahabu za Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, aliyetawala karne ya 14 na kumpokea Ibn Battuta mwaka 1331, ziko salama ndani ya mstari huo. Zinazojulikana zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na kwa uadimu wa namna hiyo daraja huwa jambo la pili. Milango iliyonakshiwa ilipewa mstari wake wa karibu zaidi, mwaka 1940. Kwa hiyo mlango wa mwaka 1939 unalindwa kwa tarehe yake, lakini sarafu ya Tabora ya mwaka 1916, kwa tarehe pekee, inabaki nje. Sheria hiyohiyo ilimwachia Waziri nafasi ya kutangaza vitu vingine kuwa vya kulindwa. Tangazo linaloitaja sarafu ya rupia 15 ya Tabora kwa jina lake lingeondoa shaka, tena halina gharama kubwa.

Tangazo peke yake halitoshi, maana ulinzi usio na ujuzi huzaa magendo. Napendekeza mambo matatu yanayowezekana. Kwanza, idara zetu za historia na akiolojia ziwafundishe wanafunzi kusoma sarafu: kutambua uhalisi, kutofautisha pigo hafifu na kulika, kulitambua kovu la lehemu. Ni ujuzi unaohitaji taa, kioo cha kukuzia na mwalimu. Pili, makumbusho yawe na siku ya wazi ambapo mwananchi anaweza kuleta sarafu yake, akaambiwa ni nini na iko katika hali gani, kwa maandishi, kisha akarudi nayo nyumbani. Anayeitambua asiwe na ruhusa ya kuinunua, yeye wala jamaa yake. Tatu, kila sarafu inayoletwa iandikwe na kupigwa picha pande zote mbili na ukingo, ili siku ikionekana mnadani ng'ambo tujue ilitoka kwetu na ilitoka ikiwa na sura gani.

Kwa anayesoma haya na ana sarafu ya zamani ndani ya sanduku la mama, ushauri wangu ni mfupi. Usiisugue. Usiifute hata kwa kitambaa laini. Usiitoboe. Ishike ukingoni, iweke peke yake ndani ya bahasha kavu ya karatasi, na usimkabidhi mtu anayekwambia thamani yake kisha, katika pumzi hiyohiyo, akajitolea kuinunua.

Na kwa anayesoma haya akiwa na kalamu ya kutoa madaraja mkononi, awe mwalimu, mkaguzi au mkuu wa idara, nadai yaleyale ambayo soko la sarafu lilijifunza kuyadai. Useme unapima nini, na usikubali hukumu yako itumike kusifu usichokipima. Usipime mali ambayo faida yake itaingia mfukoni mwako. Ukikuta kilichosuguliwa, andika kwamba kimesuguliwa, hata kama mwenyewe amesimama mbele yako akitabasamu.